Kazi ya Mungu haina makosa. Na yetu je?

Mtu akikaa Wazo, hapa Dar es Salaam, kwa wiki moja na kusikiliza vizuri, kuanzia Tegeta Kibaoni hadi kule Madale, atasikia falsafa tele bila kufungua kitabu. Msibani atasikia "kazi ya Mungu haina makosa". Kwenye kijiwe cha bodaboda atasikia "siku ya mtu ikifika imefika". Kwenye kibanda cha kubeti, "mkeka umechanika, bahati haikuwa yangu". Mama aliyeachiwa watoto wanne na mume asiyerudi atasema "ndivyo nilivyoandikiwa". Na kijana anayeshinda juani akiwasaidia mafundi kupandisha tofali, ukimuuliza ilikuwaje akafika pale, atakujibu "maisha tu, mzee". Kauli hizi zote zinajibu swali moja, hata kama wasemaji hawajaliuliza kwa sauti: haya yanayonipata, nani ameyaamua?

Kilima cha Wazo tunachoishi juu yake chenyewe ni jiwe la chokaa, lililojengwa na matumbawe ya kale wakati bahari ilipokuwa juu ya ardhi tunayolala leo. Hilo halikuamuliwa na mtu. Kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha hapa mwaka 1966 kiliamuliwa na watu, na mji uliokua kukizunguka umeamuliwa na maelfu ya watu, kila mmoja na kiwanja chake, fundi wake na deni lake la nondo. Yasiyo na mwamuzi wa kibinadamu na yenye mwamuzi yamelala pamoja katika udongo huu, na ni rahisi sana kuyachanganya.

Hoja yangu ni hii. Hatukosei kwa kuamini kudura. Tunakosea tunapoichukua kudura na kuifanya jibu la swali ambalo halikuelekezwa kwa Mungu, swali lililoelekezwa kwa mtu mwenye cheo, mwenye usukani mkononi, au lililoelekezwa kwetu wenyewe.

Kauli ya msibani naiheshimu. Nimeisema mara nyingi nikiwa nimeshika mkono wa mfiwa, na nitaisema tena. Mama aliyempoteza mtoto kwa homa hana haja na mhadhara juu ya vimelea vya malaria. Anauliza kwa nini mwanangu, kwa nini si mwenzake waliyekuwa wakicheza naye uani jana, kwa nini wiki hii. Maabara haina jibu la swali hilo. Anayedhani kipimo cha damu kimelijibu hajamsikiliza yule mama.

Mwaka 1937 Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, mtafiti wa tamaduni, alichapisha kitabu juu ya Wazande, watu wanaoishi pale Sudan Kusini, Kongo na Afrika ya Kati zinapokutana. Mfano mmoja katika kitabu hicho unastahili kujulikana zaidi Uswahilini. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza watu waliokaa chini yake kukimbia jua. Mzande anajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo; hahitaji mgeni kumfundisha hilo. Anajua pia kwamba watu hukaa chini ya ghala mchana kwa sababu kuna kivuli. Anachouliza ni kwa nini mambo hayo mawili yakutane: kwa nini ghala lianguke saa ileile ambayo watu hawa, na si wengine, wako chini yake. Hapo yeye husema uchawi. Jirani yangu Muislamu husema kadari, jirani Mkristo husema mapenzi ya Mungu, na mtu asiye na dini husema bahati mbaya. Majina yanatofautiana, lakini swali ni moja na ni swali la haki.

Sasa tuseme nguzo zilizoliwa zilikuwa za ghala la kijiji, na yuko mtu aliyepewa kazi ya kuzikagua, akala fedha ya nguzo mpya. Swali la pili linazaliwa, nani alifanya nini, nani aliacha kufanya nini. Jibu la swali la kwanza halina uwezo wa kulifuta. Mchwa, uchawi, kadari na mwizi wa fedha ya nguzo wanaweza wote kuwepo katika habari moja.

Utamaduni wetu unajua tofauti hii vizuri. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, msemaji wa familia husimama mbele ya watu na kutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu, na yeyote anayedaiwa naye, aonane na familia. Muda mfupi kabla ya hapo, sheikh au mchungaji amesema kifo kile ni amri ya Mungu. Hakuna mwombolezaji anayeona mgongano. Kifo kimepokelewa kama amri, na deni limebaki deni, na mwenye kulilipa anatafutwa kwa jina. Kama tunaweza kufanya hivyo kwa shilingi elfu hamsini za mkopo wa kikundi, nashindwa kuelewa kwa nini hatuwezi kufanya hivyo kwa kifo kilicholetwa na breki mbovu.

Mwandishi wetu aliyekaa na maswali haya maisha yake yote ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari, akapita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akachukua shahada ya udaktari Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Alifariki Januari 2020. Wahakiki humweka katika falsafa ya udhanaishi, safu ya Wafaransa Jean-Paul Sartre na Albert Camus, na wapo wanaoona kwamba aliuleta kisiwani kama mzigo wa meli. Siamini hivyo. Maswali aliyoyaandika aliyakuta nyumbani, kwa baba mwenye fimbo, kanisani, na katika mikutano ya hadhara ya miaka ya 1970.

Katika Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza iliyotoka mwaka 1971, Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi aliyewahi kuwa mwalimu, mkali kwa mabinti zake kupita kiasi. Anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua tu. Tangu hapo anakua akimwogopa mwanamume kama mtu anavyoogopa fimbo, mpaka anapofika mbali na mkono wa baba, sekondari na kisha chuo cha ualimu, na kujikuta ana uhuru ambao hakuna aliyemfundisha kuutumia. Anaporomoka, na mwishowe anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kana kwamba hatari ilikuwa kwenye kurasa zake.

Wasomaji wamekuwa wakigombana juu ya Rosa kwa zaidi ya miaka 50. Wapo wanaosema kosa ni la Zakaria. Wapo wanaosema Rosa alikuwa mtu mzima na alichagua. Mimi naona ukubwa wa riwaya upo katika kukataa kumwachia yeyote aondoke bila sehemu yake ya lawama. Zakaria hawezi kusema "mwanangu alichagua", kwa sababu yeye ndiye aliyemnyima kila uamuzi mdogo ambao ungemfundisha kufanya uamuzi mkubwa. Binti hakuwahi kuulizwa anataka nini, hata katika jambo dogo. Rosa naye hatendewi kama mwanasesere. Kezilahabi anamheshimu kiasi cha kutuonyesha saa ambazo angeweza kugeuka na hakugeuka. Wanaume waliomchezea nao wamo, kila mmoja na sehemu yake. Kuna hesabu ya kila mtu katika kitabu kile, na hakuna hesabu inayofuta ya mwenzake.

Hapa ndipo ninapomwona Kezilahabi akimzidi Sartre. Oktoba 1945, katika mhadhara wake maarufu jijini Paris, Sartre alishikilia kwamba binadamu huwepo kwanza, kisha hujitengeneza kwa matendo yake, na kwamba hana kisingizio. Ni maneno mazito, na ninayapenda. Lakini mtu anayezungumzwa pale ni kama amezuka ukumbini akiwa tayari mtu mzima, hana utoto, hana baba. Kezilahabi alijua kwamba uwezo wa kuchagua huota polepole, na kwamba kuna nyumba unamoota na kuna nyumba unamokatwa kila unapochipua.

Riwaya ya Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975, inalipeleka swali hilohilo kwenye siasa. Tumaini anarithi mali, anaitapanya, anajirekebisha na kuwa mkulima mkubwa, halafu Ujamaa unaifikia ardhi yake. Anamuua mkuu wa wilaya, na ananyongwa. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kukumbushwa chochote. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, mkulima Saidi Mwamwindi alimuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, na akanyongwa kwa kosa hilo. Ulikuwa wakati ambapo dola ilikuwa ikimwamulia mwananchi mahali pa kulala na mahali pa kulima, kwa nia ambayo wengi waliiamini kuwa njema. Kezilahabi hakumfanya Tumaini shujaa. Aliuliza tu mtu aliyeamuliwa kila kitu anabakiwa na kitendo gani cha kuonyesha kwamba bado yupo, na akaonyesha jibu baya linaloweza kupatikana.

Nina ugomvi naye mmoja, na ni ugomvi wa kweli. Rosa anajiua. Kazimoto wa riwaya ya Kichwamaji, msomi wa chuo kikuu anayefikiri juu ya Mungu na maana ya maisha hadi hakaliki, naye anajiua. Tumaini anaishia kitanzini. Mtu akizisoma riwaya hizo mfululizo anaweza kudhani kwamba anayeona mambo kwa uwazi hawezi kuendelea kuishi. Hilo si kweli. Nawajua huku kwetu watu walioona mengi kuliko Kazimoto, na asubuhi hii wamefungua genge.

Na tusilitaje jambo hili la kujiua na kulipita haraka, maana ndilo linaloonyesha wazi tunavyoyumba. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa la jinai, maana yake ni mtu huru kabisa aliyechagua vibaya na anastahili kushtakiwa. Jirani zake, kwa upande mwingine, watasema amerogwa au ameingiliwa na shetani, maana yake hakuchagua chochote. Sheria inampa uhuru wote, mtaa unamnyima wote, na katikati amekaa mtu mgonjwa au mwenye madeni ambaye hakuna aliyemuuliza kitu kwa upole. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Natamani na sisi tuufungue mjadala huo.

Turudi Ukerewe, maana kule ndiko mkasa mmoja uliyaweka maswali yote mawili, la kudura na la wajibu, mezani kwa siku moja. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kikapinduka karibu kabisa na gati. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walihesabiwa 228. Rais John Magufuli alitangaza siku 4 za maombolezo na kuagiza wahusika wa uendeshaji wa kivuko wakamatwe. Miaka 22 kabla, Mei 1996, Ziwa Victoria lilelile lilikuwa limewachukua mamia ya abiria wa MV Bukoba, meli iliyozidisha watu.

Kwa nini huyu apande na yule achelewe? Kwa nini mtu abakie hai na mwenzake wa kiti kimoja azame? Hayo ni maswali ya ghala la Wazande, na wazee wa Ukara walikuwa na haki ya kuyajibu kwa imani yao. Lakini tofauti ya 101 na 228 haikuandikwa mbinguni kwa namna inayomwondolea mkata tiketi kazi yake. Kila abiria aliyezidi alipita mbele ya mtu. Kuna mkono uliopokea nauli yake. Na kabla ya mkono huo kuna ofisi iliyojua kwamba watu wa Ukara hawana njia nyingine ya kurudi nyumbani jioni, kwa hiyo hata "uchaguzi" wa abiria kupanda kivuko kilichojaa ulikuwa uchaguzi mwembamba mno. Ukisema "kazi ya Mungu" kwa kivuko kizima umemsaidia mfiwa kidogo, na umewasaidia sana watu ambao hawakustahili msaada wako.

Wapo watakaoniambia kwamba nacheza na imani. Nguzo ya sita ya imani kwa Muislamu ni kuamini kadari, kheri yake na shari yake, na mimi sina nia ya kuigusa. Ila wenye elimu ya dini wanaikumbuka habari ya Khalifa Umar bin Khattab. Alipokuwa njiani kwenda Sham akapata taarifa ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Kamanda wake Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu: popote atakapochunga itakuwa kwa kadari, na bado atachagua penye majani. Hilo ni jibu la karne ya saba, na sijaona mwanafalsafa wa Ulaya aliyelisema vizuri zaidi. Kudura ya Umar haikumkalisha chini. Ilimgeuza njia.

Kutoka kwenye jambo kubwa hilo nashuka kwenye jambo ambalo wengine wataliona dogo, la mkeka wa kubeti. Silioni dogo. Shuka kituoni Tegeta jioni ya Jumamosi uone vijana wanavyokodoa macho kwenye simu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu mwaka 2003, Bodi ipo, wenye umri chini ya miaka 18 wamekatazwa, na biashara ni halali. Swali langu si la kisheria. Nataka kujua kijana yule anaona nini anapoutazama mkeka wake, na kama anachokiona kipo.

Msikilize. "Broo, nimekosa mechi moja tu! Moja! Nilikuwa nimeshazishika." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kwa uso uleule wenye uchungu na tumaini pamoja. Anaamini alikaribia. Anaamini ujuzi wake ulimfikisha mlangoni na bahati ikamfungia, kwa hiyo wiki ijayo mlango utafunguka. Tufanye hesabu, na ninaomba msomaji asiruke aya hii.

Tuseme kijana amechagua mechi 10, na kila timu aliyoichagua ina nafasi ya kushinda mara 70 katika 100. Hizo ni timu nzuri. Nafasi ya zote 10 kushinda ni chini ya mara 3 katika 100. Nafasi ya kukosa mechi moja tu, 9 zikaingia na moja ikaharibu, ni mara 12 katika 100. Kwa hiyo mkeka wa aina hiyo hukosa kwa mechi moja zaidi ya mara nne kwa kila mara moja unaposhinda. Kule "kukaribia" ndiko kawaida yake. Kijana anadhani ameona alama ya bahati inayomjia, kumbe ameona umbo la mchezo wenyewe. Na kampuni ikimpa odi, yaani kizidishio cha dau, ya 1.35 kwa kila timu, ambayo inaonekana ni ya haki, basi shilingi 1,000 yake inalenga kama shilingi 20,000, lakini kwa wastani wa mikeka mingi inayorejea kwake ni kama shilingi 568. Kadari haijaingia hapo. Kuna mtu alikaa ofisini akapanga odi hizo.

Kinachoniuma ni jinsi kibanda kinavyompa kijana hisia ya kuchagua. Amekaa saa nzima akichambua majeruhi wa timu, kocha mpya, uwanja wa nyumbani. Siku nzima hakuna aliyemuuliza maoni yake: fundi alimwambia leta tofali, leta maji, ondoka hapo. Kwenye mkeka yeye ndiye mwenye neno. Kama Rosa alivyotoka nyumba ya Zakaria akaukuta uhuru wake wa kwanza mahali pabaya, kijana huyu anaukuta uhuru wake wa pekee wa siku mahali palipojengwa ili ashindwe. Ukimtukana kwamba ni mvivu na mpenda njia ya mkato hujaona alichokuwa anatafuta. Ukimwonea huruma na kusema hana hatia kabisa, umemnyang'anya kitu kilekile alichokwenda kukitafuta, yaani heshima ya kuhesabiwa kuwa mwenye kuamua. Mimi ningemkalisha chini na hesabu ile, kwa kalamu na daftari, aifanye mwenyewe.

Kuna wanasayansi watakaocheka kusikia neno kuamua. Mwaka 1983 Benjamin Libet, huko San Francisco, alipima ubongo wa watu walioambiwa wapinde mkono wakati wowote wanaotaka. Dalili za maandalizi katika ubongo zilianza kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, na watu walisema wametambua nia yao sekunde 0.2 hivi kabla. Wengi wakatangaza kwamba hiari imekufa. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba dalili zile zinaweza kuelezwa kuwa ni mtikisiko wa kawaida wa ubongo unaopanda na kushuka, si uamuzi uliokwisha kupitishwa kisirisiri. Mabishano yanaendelea. Kwangu, kupinda mkono bila sababu yoyote ni kitendo duni mno kupimia hiari ya binadamu. Binti anayefikiria kwa miezi mitatu kama aende Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani hafanyi jambo la nusu sekunde.

Na huyo binti ndiye ninayetaka kumalizia naye, kwa sababu Sartre naye alikuwa na kijana wake wa namna hiyo. Katika mhadhara ule wa 1945 alisimulia habari ya mwanafunzi wake wakati wa vita. Kaka yake alikuwa ameuawa na Wajerumani, mama yake alibaki naye peke yake. Kijana alitaka kwenda Uingereza kujiunga na wapiganaji wa Ufaransa Huru, na alijua akiondoka mama atavunjika. Alimwendea mwalimu wake kwa ushauri. Sartre akamjibu kwamba yuko huru, basi achague.

Sasa chukua binti wa miaka 22 wa Salasala. Baba hayupo, mama ana kisukari na anauza maandazi asubuhi, wadogo zake wawili wako sekondari. Amekuja mtu na habari ya kazi za ndani Oman, mshahara ambao hapa hawezi kuuota. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017, juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza wanawake walionyang'anywa pasipoti na waajiri, waliofanya kazi saa nyingi mno bila mapumziko, wengine hawakulipwa. Binti amesikia habari kama hizo. Amesikia pia ya jirani aliyerudi akajenga vyumba vitatu na kumalizia na bati la rangi.

Shangazi anamwambia, "Nenda mwanangu, riziki yako kama imeandikwa huko, utaikuta." Rafiki yake aliyesoma anamwambia, "Maisha ni yako, uamuzi ni wako." Shangazi anasema kwa upendo na rafiki anasema kwa heshima, na wote wawili wanamwacha peke yake. Jibu la Sartre kwa mwanafunzi wake naliona limepungua kwa namna hiyohiyo. Yule kijana wa Paris alistahili angalau mtu wa kumuuliza nani atamnunulia mama yake mkate.

Huyu wetu anastahili kuulizwa na kusaidiwa kuuliza. Mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na ameusoma nani? Wakala amesajiliwa wapi? Pasipoti itakaa mkononi mwa nani akishafika? Namba ya ubalozi wetu Muscat anayo, na ameiweka mahali pengine mbali na simu inayoweza kuchukuliwa? Dawa za mama atazifuatilia nani kila mwezi, jina lake nani, na amekubali mbele ya watu? Kama angebaki, wajomba wanachangia kiasi gani, kwa tarehe ipi, ili kubaki kuwe njia ya kweli na kusiwe adhabu? Hicho ni kikao cha jioni mbili, kwenye viti vya plastiki, na mtu mmoja anayejua kusoma mkataba akiupitia kifungu kwa kifungu kwa sauti. Tunakaa vikao virefu kuliko hivyo kwa ajili ya michango ya harusi. Akiusaini baada ya hapo, au akaurudisha bila kusaini, tutaweza kusema kwamba yeye ndiye aliyeamua.